Mgeni na Jembe

Juu ya safari za waseminari katika parokia za ng'ambo

Wazee wetu walisema: «Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe.» Neno hilo tunalijua wote, na mara nyingi tunalitaja kwa kucheka, mgeni anapokawia kwetu. Lakini lina mafundisho mawili, na sisi tunashika moja tu. La kwanza: mgeni asikae bure siku zote. La pili, ambalo tunalisahau: siku mbili za kwanza asipewe jembe. Akae kwanza, aangalie, aonyeshwe mipaka ya shamba, ajue mche ni upi na magugu ni yapi. Maana jembe mikononi mwa mtu asiyejua shamba linakata mihindi pamoja na majani.

Ninaleta neno hilo mbele ya wasomaji wetu juu ya desturi moja iliyoenea katika seminari nyingi za Ulaya na Marekani. Waseminari wanatumwa kwa juma moja, majuma mawili, ao mwezi mzima, katika parokia ya misioni ng'ambo, ili waonje maisha ya watu wengine. Wenyewe wanasema kwamba wanakwenda kuzama katika desturi za watu. Neno ni zuri, lakini ni zito. Anayezama anafunikwa na maji mpaka kichwani. Je, mseminari wa siku kumi anazama kweli, ao analowesha miguu tu, akarudi kwao na kusema kwamba ameogelea?

Jambo hili si la Wazungu peke yao. Leo mapadri wa Kongo wanafanya kazi katika parokia za Ubelgiji na Ufaransa. Na waseminari wetu wanatumwa kufanya staji mbali na kwao, katikati ya watu ambao lugha yao hawaijui. Sisi pia tumekuwa wageni. Basi hukumu tutakayotoa juu ya wengine itatuangukia sisi pia.

Ili nisiseme kwa kukisia, nitaangalia maneno ya mtu mmoja na maisha ya mwingine. Wote wawili walikuwa mapadri, wote wawili walikwenda Amerika ya Kilatini katika miaka ile ile.

I. Maneno makali ya Monsinyori Illich

Ivan Illich alizaliwa Vienna, inchi ya Austria, mwaka 1926. Alipewa upadri Roma mwaka 1951, akafanya kazi New York katikati ya watu waliotoka Puerto Rico, halafu akatumwa Puerto Rico kwenyewe. Mwaka 1961 alianzisha nyumba ya mafundisho pale Cuernavaca, inchi ya Meksiko. Mwaka ule ule Monsinyori Agostino Casaroli, kwa jina la Papa Yoane XXIII, aliyaomba mashirika ya watawa ya Marekani kutoa mtu mmoja kwa kila kumi, waende kusaidia Eklezya ya Amerika ya Kilatini, mambo hayo yatimie katika miaka kumi. Hesabu hiyo haikufikiwa kamwe, lakini mapadri, masista na walei wengi waliitika. Wengi walipita Cuernavaca wajifunze Kihispania kwanza.

Illich aliwafundisha, lakini kadiri alivyowaona, mashaka yake yalizidi. Mwezi wa kwanza wa mwaka 1967 aliandika katika gazeti la Wayezuiti wa Marekani kwamba watu na feza kutoka nje vinaifanya Eklezya ya pale kuwa kama koloni. Inapata majengo na kazi ambazo haiwezi kuzitunza yenyewe, inazoea kuomba, na haitafuti tena njia zake. Halafu, tarehe 20 Aprili 1968, alisimama mbele ya vijana wa vyuo waliotaka kutumia vakansi zao kuwasaidia masikini wa vijijini Meksiko. Aliwaambia waziwazi kwamba afazali wabaki kwao.

Hotuba hiyo inasomwa mpaka leo, nami nawaomba waseminari waisome. Nguvu yake iko katika mambo matatu. La kwanza: nia njema si kitu cha kujivunia. Mtu anaweza kuwa na nia njema na bado akaharibu. La pili: vijana hao hawakuweza kusema na watu waliotaka kuwasaidia, kwa sababu hawakujua lugha yao. Waliweza kusema tu na wale wachache waliofanana nao, wenye masomo na mali, halafu wakafikiri kwamba wamesema na masikini. La tatu: pasipo kujua, walibeba ndani ya mizigo yao maisha ya kwao kama bidhaa ya kuuza. Mavazi yao, saa zao, ginsi yao ya kucheka, vyote viliwaambia watu wa kijiji: «Ninyi bado, ninyi mmechelewa.» Mwishoni akawaambia kwamba wakija, waje kutazama, kupanda milima, kufurahia maua, kujifunza. Wasije kusaidia.

Nani kati yetu atasema kwamba alidanganya? Sisi tuliozaliwa karibu na misioni tumewaona wageni wa namna hiyo. Tumewaona wakishuka motokaa, wakipiga picha za watoto, wakigawa bonboni, wakilia siku ya kuaga, na mwaka uliofuata hatukusikia hata barua moja.

Lakini mimi ninaona kwamba hotuba hii ina upungufu, nao si mdogo. Illich anamwachia mgeni milango miwili tu: ao anakuja kutoa, ao anakuja kutazama. Ao mfazili, ao mtalii. Kumbe Injili inaonyesha mlango wa tatu. Bwana Yezu alipowatuma wafuasi wale sabini na wawili (Luka 10), hakuwapa mizigo ya kugawa. Aliwatuma pasipo mfuko wala viatu, akawaagiza wakae katika nyumba itakayowapokea na kula watakachopewa. Walikuwa na ujumbe wa kutangaza na wagonjwa wa kuponya, ndiyo. Lakini usiku wangelala na njaa kama mwenyeji asingewafungulia mlango. Aliyetumwa na Kristu anaingia katika kijiji kama mwenye kuhitaji. Mwenyeji ndiye anayetoa kwanza. Mgeni anaanza kwa kuwa na deni.

Ajabu ni kwamba Illich mwenyewe alilijua jambo hili. Katika mafundisho mengine aliyowapa watu waliojitayarisha kwa misioni, aliwaeleza kwamba kujifunza lugha si kujifunza maneno peke yake. Ni kujifunza pia kunyamaza kwa watu wale: lini wananyamaza, kwa nini, na maana yake. Mtu anayekubali kunyamaza mbele ya mwalimu wake, ajue kwamba yeye ni masikini wa lugha, huyo ameacha kuwa mfazili, na wala si mtalii. Mafundisho hayo yana mwanga kupita ile hotuba. Hotuba ya mwaka 1968 inafunga mlango kwa hasira. Mafundisho juu ya kunyamaza yanaonyesha ginsi ya kuingia.

II. Shamba la Santiago Atitlán

Sasa tuangalie maisha. Mwaka 1964 jimbo la Oklahoma, inchi ya Marekani, liliitika ule mwito wa Papa, likachukua parokia ya Santiago Atitlán katika Guatemala, kando ya ziwa Atitlán. Watu wa pale ni Watz'utujil, nao wana lugha yao wenyewe. Wamisionari wa kwanza, wakiongozwa na Padri Ramón Carlín, walifanya kazi nyingi: hospitali ndogo, redio, ushirika, na zaidi ya yote walianza kuitia lugha ya Kitz'utujil katika maandiko. Mtu angesoma tu orodha ya majengo, angesema: tazama, ndiyo yale yale ambayo Illich aliyalaumu.

Mwaka 1968, mwaka ule ule wa hotuba ya Illich, alifika pale Padri Stanley Rother. Waseminari wasikie vizuri habari zake. Alizaliwa Okarche mwaka 1935, mtoto wa wakulima. Katika seminari ya kwanza alishindwa masomo, zaidi sana Kilatini, akarudishwa nyumbani. Askofu wake, Monsinyori Victor Reed, hakumkatia tamaa, akampeleka katika seminari nyingine, kule Emmitsburg, na mwaka 1963 akapewa upadri. Mtu huyo aliyeshindwa Kilatini alijifunza Kihispania, halafu Kitz'utujil, lugha ngumu sana kwa Mmarekani. Kwa miaka michache aliweza kusoma Misa na kuhubiri katika lugha hiyo, na alishiriki kazi ya kutafsiri Agano Jipya. Alijifunzaje? Hakujifunza vitabuni tu. Alikaa na watu, akala mezani kwao, akalima pamoja nao. Kushika jembe alikujua tangu utoto, lakini alikubali kwanza kufundishwa shamba lao. Watu walimpa jina kwa lugha yao, Apla's, ndiyo kusema Fransisko, jina lake la pili. Wenzake wakaondoka mmoja mmoja. Yeye alibaki, na kufika mwaka 1975 mzigo wa misioni ulikuwa juu yake.

Guatemala ilikuwa katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, vita vilivyodumu toka mwaka 1960 mpaka 1996. Askari waliingia Santiago Atitlán, na watu wakaanza kupotea usiku. Hapa nasema na ninyi, wapenzi makatekista: waliotangulia kutafutwa ni makatekista. Mwezi wa kwanza wa mwaka 1981 Diego Quic, katekista, alikamatwa karibu na mlango wa nyumba ya mapadri, alipokuwa anakimbilia kujificha ndani. Padri alisikia kilio chake, hakuweza kumwokoa. Baadaye, mwezi ule ule, jina la Padri mwenyewe lilipokuwa katika hesabu ya watu wa kuuawa, alirudi Oklahoma. Angeweza kubaki. Hakuna mtu ambaye angemlaumu. Lakini alimwomba Askofu ruhusa ya kurudi, kwani aliona kwamba mchungaji hawezi kukimbia na kuacha kondoo zake, akarudi kabla ya Pasaka. Usiku wa tarehe 28 Julai 1981 watu watatu waliingia katika nyumba yake wakamwua.

Ndugu zake walitaka azikwe Okarche. Watz'utujil walitaka abaki kwao. Ikawa hivi: mwili ulirudi Oklahoma, moyo ulibaki Santiago Atitlán, ndani ya kanisa lao. Tarehe 23 Septemba 2017 Eklezya ilimtangaza kuwa Mwenye Heri, mfiadini wa kwanza aliyezaliwa Marekani. Wakristu wa Oklahoma wanakwenda kuhiji katika kanisa hilo mpaka leo.

Je, maisha haya yanamshinda Illich? Mtu mwepesi atasema: ndiyo, tazama, mmisionari wa Marekani alikwenda kusaidia, akawa mfiadini. Mimi sisemi hivyo. Ninasema kwamba Rother alifuata yale mazuri ambayo Illich aliyafundisha: alinyamaza, alijifunza, alikubali kuwa mtoto katikati ya watu wazima. Alipokwisha kuyafanya hayo, jembe lilikuwa halali mikononi mwake. Watu hawakuweka moyo wake kanisani juu ya hospitali. Mfazili anashukuriwa, halafu anasahauliwa. Waliuweka kwa sababu alikuwa wao, na lugha yao ilikuwa imeingia ndani ya moyo huo.

Hapa mseminari ataniuliza: «Padri, Rother alikaa miaka kumi na mitatu. Mimi ninapewa siku kumi na nne. Unanilinganisha na nani?» Swali ni la haki. Jibu langu ni hili: siku kumi na nne haziwezi kumfanya mtu mmisionari, na asiyekubali jambo hilo asisafiri. Lakini zinaweza kumfanya mtu mwanafunzi. Hizo ndizo zile siku mbili za mgeni. Kosa ni kutaka jembe siku ya kwanza.

III. Kosa letu sisi wenyeji

Mpaka hapa nimesema juu ya mgeni. Sasa sharti niungame kosa la mwenyeji, maana nililifanya mimi mwenyewe.

Miaka michache iliyopita, nilipokuwa padri msaidizi katika parokia moja ya kijijini, tulipokea waseminari sita kutoka Ulaya kwa siku kumi na mbili. Mimi ndiye niliyepanga safari yao, nami nilipanga vizuri, kadiri ya akili yangu ya wakati ule. Siku ya kwanza, shule yenye paa lililotoboka. Siku ya pili, dispanseri isiyo na dawa. Siku ya tatu, nyumba ya familia masikini kupita zote. Chakula chao niliamuru kipikwe misioni, wasije wakaugua tumbo. Na katika mfuko wangu nilikuwa na karatasi ya hesabu ya mabati.

Vijana wale walikuwa wema. Waliomba wapewe kazi ya mikono. Niliwapa darasa moja wapake rangi ukutani. Walifanya kazi siku mbili, wakicheka, nguo zao zikachafuka. Vijana wetu walisimama kando wakitazama. Mmoja wao riziki yake ilikuwa kupaka nyumba za watu rangi, na hakuna aliyemwita.

Siku ya sita tulikwenda katika kijiji cha mbali. Tulichelewa njiani. Tulipofika, mama mmoja mzee, mjane, alikuwa ametayarisha ugali na ndagala kwa wageni wote, na kuku mmoja juu yake. Mimi nilimwambia kwa adabu kwamba wageni wamekwisha kula, tena sharti turudi mbele ya giza. Wageni hawakujua hata neno moja la mazungumzo yetu. Walimpa mkono, wakapiga picha, tukaondoka.

Kesho yake katekista wa kijiji alikuja misioni kwa baiskeli, mzee aliyefundisha katekismo tangu mimi sijazaliwa. Aliniambia:

«Padri, nisamehe, ninauliza tu. Wageni hawa walikuja kutuona sisi, ao walikuja kuona mahitaji yetu?»

Nikamwambia: «Baba Mwalimu, walikuja kuwaona ninyi.»

Akasema: «Mama yule alipika tangu asubuhi. Yule kuku alikuwa wa mwisho. Sasa anasema: Labda wageni waliona kinyaa.»

Sikuwa na jibu. Mgeni hakukataa chakula kile. Mimi ndiye niliyekikataa kwa niaba yake. Nilimnyima mama yule haki yake ya kutoa, nikamnyima mseminari neema ya kupokea. Nilikuwa nimewageuza Wakristu wangu kuwa mabati yaliyotoboka, ili mgeni awahurumie.

Sharti niseme yote: mabati yalikuja. Shule ina paa jipya, na watoto hawaloi mvua tena. Sikatai kwamba ni jambo jema, nami nilishukuru. Lakini vijana wale sita, watakapokuwa mapadri kwao, watawaambia nini Wakristu wao juu yetu? Watawaambia juu ya paa. Hawataweza kuwaambia juu ya mjane mwenye kuku mmoja, kwa sababu hawakujua. Kumbe yule mjane ndiye aliyekuwa parokia yetu. Yeye ndiye waliyesafiri mbali hivyo kuja kumwona.

IV. Basi tufanye nini?

Kwako mseminari unayetumwa ugenini, ng'ambo ao katika jimbo lingine la inchi yetu. Kabla ya safari jifunze salamu, Ishara ya Msalaba na Baba Yetu katika lugha ya watu. Kardinali Lavigerie, aliyeanzisha shirika la Mapadri Weupe mwaka 1868, aliwaamuru wana wake kusema lugha ya watu, kula chakula chao, kuvaa kama wao. Amri hiyo haijazeeka. Aliyekulia Lubumbashi, akitumwa kati ya Watabwa, asijivunie Kifaransa chake. Amwombe katekista ampe neno moja la Kitabwa kila siku, naye alishike. Usigawe kitu chochote kwa mkono wako. Ukitaka kusaidia, sema na paroko kwa siri, tena baada ya kurudi kwako. Na ukirudi, usihubiri juu ya umasikini wao kabla hujahubiri juu ya mambo waliyokufundisha. Kama huwezi kutaja hata jambo moja walilokufundisha, nyamaza: bado hujafika kwao.

Kwako padri unayepokea wageni. Usipange maonyesho ya njaa, wala usipange karamu ya uongo. Mlaze mgeni kwa katekista, si katika chumba kizuri cha misioni. Ale kinacholiwa. Akiugua tumbo siku moja, atakumbuka kwamba ana mwili kama wengine. Karatasi ya mabati iache nyumbani mpaka mgeni ameondoka. Kazi ambayo kijana wa kijiji anaweza kuifanya, usimpe mgeni aifanye mbele ya macho yake.

Kwako katekista, mpenzi wangu. Wewe ndiwe mwalimu wa kweli wa safari hizi. Usimwonee haya mgeni juu ya elimu yake. Konsilio la Vatikano la Pili linataka kila mmisionari ajifunze lugha na desturi za watu aliotumwa kwao. Je, nani atamfundisha kama si wewe? Mrekebishe anapokosea. Na padri wako akikosea kama mimi nilivyokosea, panda baiskeli yako, uje umwambie.

Illich alisema mgeni asije kusaidia. Mimi nasema: aje kusaidiwa. Aje na njaa, aje na mdomo usiojua kusema, akae siku zake mbili. Siku ya tatu, kama Mungu anamwita, mwenyeji mwenyewe atamtafutia jembe. Na kama hamwiti, atarudi kwao na deni moyoni, na padri mwenye deni kwa masikini si rahisi kuwadharau.

Wasomaji waliopokea wageni wa namna hii, ao waliokwenda ugeni wenyewe, tunawaomba watuandikie waliyoyaona. Zaidi sana makatekista: sauti yao juu ya jambo hili bado hatujaisikia.